Nyati Niliyemjenga Mimi

Hasira hii ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri. Saa naijua kwa sababu kondakta wa basi lililotutoa Arusha alikuwa anabishana na mama mmoja mwenye magunia, akimsogezea saa yake ya mkononi mpaka puani: "Tisa na robo, mama! Nimechelewa wapi mimi?" Nikashusha tranka langu la shule, nikajitwisha, nikakata njia ya nyuma ya soko kama nilivyozoea. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, niko kidato cha nne. Baridi ya Karatu ilikuwa pale pale, na lile vumbi jekundu ambalo halijali kama umevaa soksi nyeupe. Nilikuwa na furaha, nakuambia kweli. Nilikuwa nawaza makande ya mama tu.

Nikafika usawa wa duka la Mama Duka, nikasimama. Ukuta wa ubavuni ulikuwa umechorwa picha kubwa kuliko mlango. Roboti. Miguu minne minene iliyotanuka, kifua kipana, kichwa kidogo kilichozama mabegani, bunduki moja ndefu upande wa kulia. Mwili mwekundu wa rangi ya udongo, magoti meusi. Chini yake, kwa herufi za kumeremeta: KARIBU KWA MJENZI WA NYATI. Na pembeni, jina la kaka yangu.

Tranka lilinishuka kichwani bila mimi kuamua.

Nyati nilimjenga mimi. Mimi, kwa vidole hivi. Hata ule wekundu niliutafuta mimi, siku nzima, nikiongeza nyekundu kidogo, nikipunguza bluu kidogo, mpaka ukafanana na udongo wa uwanja wetu baada ya mvua. Mchoraji alikuwa ameupatia kabisa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko jina.

Basi kaa nikusimulie, maana nyumbani hakuna aliyenisikiliza nikafika mwisho.

Rudi nami kwenye ile likizo ndefu ya baada ya mtihani wa darasa la saba, tunasubiri matokeo. Wewe uliyepita hapo unaijua. Shule imekwisha, shule haijaanza, na kila mtu mzima akikuona umekaa anakupa kazi. Mama alinipa ngwara, yale maharage meusi ya kwetu, za kupura na kuchambua, uani, mpaka vumbi la maganda likanikaa kooni. Jirani yetu, bibi mmoja Mwiraqw, alikuwa akipita na fimbo yake ananisalimia kwa lugha yake, namjibu kwa Kiswahili, tunaelewana. Halafu kulikuwa na ovaroli za baba. Baba yangu ni fundi wa magari ya watalii, yale yanayoshuka kreta, lile bonde la wanyama, na kurudi yamelegea kila nati. Ovaroli zake zilihitaji sabuni, mchanga na maji ya moto, na bado mikono yangu ilibaki inanuka oili mpaka kesho yake. Sikuchukia. Harufu ile niliipenda kuliko ya mafuta ya nazi.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nampelekea uji gereji, na nikifika sikuondoka. Nilikaa kwenye tairi bovu nikitazama. Gari likiletwa limekufa, wanachukua gia kwenye gari hili, springi kwenye lile, mlango kwenye jingine, na baada ya siku kadhaa dude linanguruma na kupanda kilima cha Lodoare na wazungu sita ndani. Baba alikuwa na maneno yake mawili aliyoyarudia kwa kila kijana aliyemfundisha kazi. La kwanza: "Kabla hujaongeza kitu, uliza kinakaa juu ya nini." La pili: "Badilisha kimoja, uendeshe. Ukibadilisha viwili, gari likipona hutajua kilichoponya ni kipi." Vijana walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa nayaweka kichwani.

Sasa Mama Duka. Alikuwa mjane wa makamo, Mwislamu, mtandio wake haukuanguka hata upepo wa mwezi wa nane ukivuma. Mbele aliuza sukari, kanga, betri na mafuta ya taa. Chumba cha nyuma aliweka televisheni ndogo na mashine ya gemu, alizoachiwa na mwanawe aliyekwenda Dar. Mama alinipeleka kwake nimsaidie dukani asubuhi, maana miguu ilikuwa inamsumbua. Nikafagia, nikapima sukari, nikapanguza pedi za kuchezea gemu zilizojaa jasho la vijana. Vijana wenyewe asubuhi walikuwa stendi wakipiga debe, au shuleni, au wamelala. Siku moja akaniona nimesimama mbele ya ile skrini nyeusi na kitambaa mkononi.

"Unaiogopa?"

"Hapana, mama."

"Basi iwashe. Umeme nalipa mimi, haitakula mkono wako."

Mama Duka alikuwa na sheria moja ambayo Karatu nzima iliijua. Adhana ikianza, una muda wa kutia kazi yako kwenye memori, ile kadi ndogo inayotunza ulipofikia. Adhana ikiisha, yeye ameshafika ukutani, anazima swichi kubwa, anakwenda kutawadha. Hakujali uko fainali ya kombe au umebakiza adui mmoja. "Asiyetia memori asinililie mimi," alikuwa anasema, na alikuwa hatanii. Nimeona wavulana wenye ndevu wakikaribia kulia.

Wengi walicheza mpira. Lakini ndani ya bati la biskuti, chini ya diski za mpira, kulikuwa na diski moja isiyo na picha, ya kunakili, ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani. Ndilo hilo gemu. Jina lake sikulijua na mpaka leo silijui. Tuliliita gemu la madude.

Nikueleze sifa zake kwanza, nisionekane nina chuki tu. Kwanza halikupi dude la kuendesha, linakupa vipande na kukuachia ujenge mwenyewe. Kichwa, kifua, mikono, miguu, injini, silaha. Miguu ipo ya kila namna: miwili kama ya mtu, ya kukunjika kinyume kama ya korongo, minne kama ya buibui, na hata minyororo kama ya buldoza lililokuwa linachonga barabara ya Oldeani. Na kila kipande ukikigusa, dude zima linabadilika, si sura tu. Ukilipa mikono mizito, linatembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Ukilipa injini ndogo, linaruka mara moja halafu linahema. Nilikuwa nasikia nyayo zake, du, du, du, na kwa nyayo tu nikawa najua nimekosea wapi, kama baba anavyosikiliza injini akiwa bado anakunywa chai. Sijawahi kupewa kitu kilichoniheshimu namna ile. Shuleni nilipewa majibu ya kukariri. Gemu lilinipa vipande, likanyamaza.

Sasa ubovu wake. Maandishi hatukuyaelewa, sawa, si kosa lake. Lakini lile jicho, yaani kamera, linalokufuata nyuma ya dude! Ukigeuka, linageuka baada yako, kama mtu mvivu aliyeitwa jikoni. Adui akiruka juu ya kichwa chako, humwoni tena, unapigwa na mtu usiyejua yuko wapi. Vitufe ni vingi kuliko vidole: cha kutembea, cha kuruka, cha kutazama juu, cha kutazama chini, mpaka unajikuta umekunja mkono kama mwenye degedege. Maadui wenyewe wajinga, wanapiga ukuta wakidhani wanakupiga wewe. Mahali pa kupigania panajirudia, handaki la kijivu, ghala la kijivu, tena handaki. Na mkicheza wawili, skrini inagawanywa juu na chini, kwa hiyo mwenzako anaona kila unachofanya. Mama Duka alikata kadibodi ya katoni ya biskuti akaichomeka katikati ya televisheni, mmoja akae juu ya kiti, mwingine chini sakafuni. Ndivyo tulivyopigana Karatu.

Lakini ubovu wa yote, ambao mpaka sasa nikiufikiria meno yanabana, ni huu: lile gemu linauliza jina la rubani. La mjenzi haliulizi. Unaweza kukaa wiki kumi unajenga, akaja mtu mwingine akashika pedi, na skrini itaandika rubani ni nani, basi. Mtu aliyetengeneza ile nchi ya madude hakuwahi kufikiri kwamba mjenzi anaweza kuwa mtu mwingine, amekaa kimya nyuma ya mlango.

Na jina lile unaliweka mara moja tu, siku ya kwanza unapotia memori. Siku yangu ya kwanza nilijisahau mpaka adhuhuri. Wavulana wakaanza kuingia, kaka yangu akiwa mbele, yeye wakati huo yuko kidato cha tatu na ameanza kutembea kwa kuvuta mguu mmoja kama wasanii wa Arusha. Adhana ikaanza. Nikabonyeza mahali pa kutia memori, kikatokea kiboksi chenye herufi za abc. Kilitaka jina.

Watu wamejaa mgongoni. Mimi nilikuwa mtoto ambaye mwalimu akiniita jina nilikuwa naangalia chini mpaka aite mwingine. Jina langu, pale, kwenye televisheni, mbele ya wavulana wote wa stendi? Vidole vikafa.

"Oya, dogo, andika! Bi mkubwa anakuja!" mmoja akapiga kelele.

"Kwani hana jina huyu?" mwingine akasema, wakacheka.

Kaka akachukua pedi mkononi mwangu. Hakuninyang'anya, nisimsingizie. Alisema, "Lete, naweka langu, kwa sasa tu. Utabadilisha baadaye." Akaandika. Adhana ikaisha. Swichi ikazimwa.

Hakukuwa na baadaye. Nilizunguka kila ukurasa wa lile gemu nikitafuta mahali pa kubadilisha, hakuna. Ningeweza kuanza upya, lakini tayari nilikuwa nimeshashinda vipande vizuri, na nikajiambia jina ni kitu gani. Mtoto wa miaka kumi na nne anajua nini. Nikaendelea kujenga.

Nilijenga kama baba. Nilibadilisha kimoja, nikaendesha. Wavulana waliojaribu walianza na bunduki, kubwa kuliko zote, halafu wanashangaa namba ya uzito ikigeuka nyekundu na dude linajikokota. Mimi nilianza na miguu. Nikaijaribu minne, nikaona inabeba sana lakini inageuka polepole. Sawa, nikasema, gari la kushuka kreta halihitaji mbio, linahitaji lisipinduke. Nikampa kifua kizito lakini kichwa chepesi. Nikamwondolea silaha tatu nikabakiza moja, ili injini ipumue. Mama Duka alikuwa akija kusimama mlangoni na kikombe chake cha chai ya tangawizi. "Leo umemfanya nini huyo ng'ombe?" "Si ng'ombe, mama, ni nyati." Ndipo jina lilipotokea. Kutoka dukani kulikuwa kunanukia maandazi na mafuta ya taa, nje mvua fupi za mwezi wa kumi na moja zinagonga bati, na mimi hapo ndani nilikuwa fundi. Sikumwambia mtu. Nilidhani siku moja nitamwonyesha baba.

Siku hiyo ilikuja, lakini haikuwa yangu. Vijana wa Mto wa Mbu walikuwa wamesikia kuna gemu la madude Karatu, wakapanda na bingwa wao, chalii mmoja mrefu aliyejifunzia Arusha na dude lake jepesi la kuruka, amelibeba kwenye memori yake mfukoni. Sheria ya lile banda la gemu ilikuwa mshindi anabaki, aliyepigwa anapisha. Akawaondoa watu wetu mmoja baada ya mwingine kama anafagia. "Karatu mnalima tu vitunguu," akawa anasema, "hamna kazi nyingine?"

Kaka akanifuata dukani mbio. "Nipe Nyati."

"Nicheze mimi," nikasema. Kwa sauti ndogo, lakini nilisema.

"Wewe utatetemeka. Mle ndani wamejaa mpaka dirishani. Niambie tu nifanye nini."

Ni kweli ningetetemeka. Nikamwambia. Usiruke, Nyati haruki. Ingia kwenye kona, mgongo ukutani, ili lile jicho bovu lisiwe na cha kukuficha. Akiruka juu usimtafute, subiri atue. Kila anayeruka lazima atue. Mpige anapotua.

Na baba alikuwapo. Gereji nzima ilikuwa imekuja, na ovaroli zao, kwa sababu Jumamosi kazi iliisha mapema. Mimi nilisimama mlangoni na beseni la maandazi ya Mama Duka, naona kwa upenyo kati ya mabega mawili. Kaka alikwenda kwenye kona. Hakuruka. Chalii wa Mto wa Mbu akaruka, akazunguka, akamwaga risasi, Nyati amesimama tu, anapokea, kama nyati kweli anayenyeshewa mvua. Kisha chalii akatua, bunduki ikampata. Du. Akaruka, akatua. Du. Banda likalipuka. Walimbeba kaka juu juu mpaka kichwa chake kikagonga taa.

Nikamsikia baba. Sauti ya baba naijua hata kwenye kelele za injini tano. "Mwanangu, nani alikufundisha kuweka uzito wote chini namna hii?"

Nilikuwa hatua chache tu. Beseni mkononi. Nikamtazama kaka, na yeye akanitazama mimi, tukaonana kabisa, macho kwa macho. Akasema, "Nilifikiria tu, baba."

Mengine yakafuata kama maji yanavyofuata mtaro. Kaka akaanza kwenda gereji Jumamosi. Alipomaliza kidato cha nne baba akauza ng'ombe, akampeleka chuo cha ufundi. Mimi nikapelekwa bweni, na nikirudi likizo nikisema nimpelekee baba uji, mama ananiambia gereji si mahali pa msichana aliyeshakua. Kaka alirudi kutoka chuo kabla hajamaliza, akisema walimu wanamwonea. Na Mama Duka alipozidiwa na miguu akahamia kwa binti yake Babati, kaka akapangishwa kile chumba cha nyuma. Ndiyo maana ya ule ukuta. Watu wanakuja hata kutoka Qurus kupigana na Nyati, na anayewapiga anajiita mjenzi.

Hayo yote yalinipita kichwani nikiwa nimesimama barabarani na tranka limelala miguuni. Nikalibeba tena.

Mezani, kabla sijamaliza hata sahani ya kwanza ya makande, baba akasema ameongea na mtu wa hoteli moja ya njia ya geti la hifadhi. Nikimaliza mtihani nitakwenda kujifunza mapokezi. "Una sauti ya upole, mama," akaniambia, maana ananiita mama. "Wageni wanapenda mtu mpole."

"Nataka ufundi, baba."

"Ufundi unataka kichwa cha namna yake. Kaka yako anacho, shida yake ni uvivu tu. Si uliona lile dude lake?"

"Nyati nilimjenga mimi."

Mama aliacha kijiko. Kaka akacheka, kicheko cha kwenye pua. "Huyu! Pedi yenyewe alikuwa anapanguza kwa kitambaa."

Baba naye akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka mtoto akisema atanunua ndege. Nami nikanyamaza. Hiyo ndiyo kazi niliyoizoea maisha yangu yote, kunyamaza. Lakini safari hii kimya hakikukaa. Kilikuwa kinachemka.

Nikajiuliza ni nini hasa ninachokililia. Zile asubuhi hazipo. Mama Duka hayupo, chai ya tangawizi haipo mlangoni, adhana inaita na hakuna anayefika ukutani kuzima chochote, wavulana wanaendelea kupiga kelele tu. Kadibodi ya biskuti imetupwa. Mimi niliyekuwa pale, mtoto mwenye kitambaa mkononi anayesikiliza nyayo, naye sijui alikwenda wapi. Kilichobaki ni Nyati peke yake, ndani ya kadi ndogo kuliko kiberiti, akiwa na jina la mtu mwingine kifuani. Nililipenda lile dude. Nalisema bila aibu. Na kila mara lilipokuwa linashinda, lilikuwa linashinda dhidi yangu.

Asubuhi, Jumapili, baba alikuwa ameshavaa koti la misa. Nikamwambia, "Shikamoo baba. Kabla ya kanisani, pitia na mimi bandani. Nina kitu cha kukuonyesha."

"Marahaba. Kitu gani?"

"Cha kufungua na kufunga."

Kwa fundi neno hilo linatosha. Akaja.

Kaka alikuwa anafagia, wavulana wachache wameshakaa kwenye benchi wakisubiri awashe. Nikamsalimia, nikawasha mwenyewe, nikakaa kiti cha mbele na kushika pedi. Mikono ilitetemeka, kaka alikuwa amesema kweli miaka yote ile. Ilitetemeka na ikafanya kazi. Nikamfungua Nyati. Nikaondoa bunduki. Nikaondoa mikono. Kichwa.

"We! Unafanya nini?" Kaka akaacha fagio.

Injini. Kifua. Miguu minne. Skrini ikabaki na mahali patupu. Nikamnyooshea pedi.

"Mjenge."

"Una wazimu? Baba, mwone huyu!"

"Vipande vyote vipo ghalani, sijatupa hata kimoja," nikasema. "Mjenge, mjenzi."

Wavulana wakaanza kuguna. "Oya, si uko poa wewe, mrudishe tu faster." Kaka akakaa. Akaanza na bunduki. Nilijua ataanza na bunduki. Kisha mikono mikubwa, kisha kifua, vyote kwa mpigo, na alipofika kwenye miguu akachagua ile minne myembamba, kwa sababu Kijapani hakijui na picha zinafanana kidogo. Namba ikawa nyekundu. Akabadilisha injini na kichwa pamoja. Bado nyekundu. Akabadilisha vitatu. Jasho likamtoka kwenye baridi ile.

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono mgongoni, kama anavyosimama gereji kijana mpya akifungua gia. Alikuwa anatazama vidole vya kaka, si skrini. Mwishowe akauliza, taratibu kabisa, "Hiyo bunduki inakaa juu ya nini?"

Kaka akaiondoa bunduki, akairudisha.

"Mpishe mdogo wako."

Nikakaa. Kila mtu alitegemea nimrudishe Nyati, na ningeweza nikiwa nimefumba macho. Ila angerudi na jina lile lile, maana lile gemu ni bovu mahali pale pale lilipokuwa bovu siku ya kwanza. Nikarudi mpaka mwanzo kabisa wa gemu, nikaanzisha mchezo mpya, nikabonyeza kutia memori hapo hapo. Memori ilikuwa imejaa gemu za mpira. Gemu likauliza, kwa yale maandishi ambayo sisomi lakini nayajua, kama niweke mpya juu ya ile ya zamani, ya Nyati, ifutike. La kushoto ni ndiyo.

"Usibonyeze," kaka akasema. Hakuwa anacheka tena. "Dada, tafadhali. Ukuta wote ule."

Nikabonyeza la kushoto.

Kikatokea kiboksi cha herufi. Wavulana mgongoni, baba mgongoni, kaka pembeni. Nikaandika jina langu, herufi moja moja, mpaka mwisho, na hakuna aliyecheka. Likatokea dude jipya la kuanzia, dogo, la kijivu, limesimama kama kinda la kuku lililonyeshewa.

Baba akavuta benchi, akakaa karibu yangu na koti lake la misa. Kengele ya kanisa ilishaanza kupigwa.

"Haya, fundi," akasema. "Tunaanza na nini?"

"Miguu, baba," nikasema, nikaenda kwenye miguu.